Namna ya Kumkatalia Mtu Uliyekula Kabichi Zake

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wapo wanaosema ni uvivu, wapo wanaosema ni kiburi, na yupo shangazi yangu mmoja anayeapa kwamba nimerogwa, lakini ukweli ni kwamba sipendi tu kutoka. Nyumba yangu iko Kihonda, kwenye tambarare na jua lake, na milima ya Uluguru naiona yote kupitia dirisha la jikoni nikiosha vyombo. Inanitosha. Sijawahi kuona mlima ukaharibika kwa sababu mtu fulani hakuupanda.

Ndiyo maana ukoo ulipokaa kikao kuamua nani alifufue jarida la babu, jina langu lilipita bila mjadala. "Yeye si yupo tu?" walisema. Miaka yote hii nilidhani naishi, kumbe nipo tu.

Babu huyo ni kaka wa bibi yangu mzaa mama. Sisi Waluguru ukoo tunaufuata kwa mama, na alichonacho mwanamume hakiendi kwa watoto wake wa kuzaa, kinakwenda kwa watoto na wajukuu wa dada zake. Watoto wa babu wako Dar na Dodoma, wamesoma mpaka vyuo vikuu, na kwa kawaida ukiwatajia mila wanatazama saa. Siku ile wakaikumbuka wote kwa mkupuo. "Haya ni mambo ya ukoo, sisi hatuwezi kuingilia," wakasema kwa unyenyekevu wa watu wanaokwepa kuosha masufuria ya shughuli. Mimi mwenye kidato cha nne, na cheti ambacho nisingependa mtu akitazame kwa karibu, nikawa mhariri.

Jarida lenyewe babu alilianzisha akiwa karani wa chama cha ushirika, kwa taipureta ya ofisi na mashine ya kuzungusha kwa mkono iliyokuwa ikitapika wino kwenye mashati yake. Lilibeba hadithi, mashairi, na barua za washairi wanaogombana. Liliuzwa Mkuyuni siku za gulio, liliuzwa stesheni ya Kingolwira treni ikisimama, na walimu walilipeleka mashuleni. Baadaye likapata mchapaji mjini na jalada la rangi. Kisha babu akazeeka, mchapaji akafunga, jarida likanyamaza. Mimi nililikuta kwa bibi, limefungwa kwa kamba chini ya kitanda, nikalisoma lote kabla sijamaliza shule ya msingi. Kwa mtu asiyetoka, huko ndiko kulikuwa kutoka kwangu. Kigoma nimefika mle ndani. Baridi ya Makete imenipiga mle ndani. Kwa hiyo nilipolalamika kwenye kikao kwamba nimebebeshwa mzigo, nililalamika kwa mdomo tu. Angetokea mtu wa kunipokonya ningemng'ata.

Tatizo lilikuwa babu mwenyewe. Alinipigia simu kutoka kwake Mgeta kabla hata kikao hakijapoa.

"Mke wangu," akaanza. Ananiita hivyo tangu nizaliwe, ndio utani wa babu na mjukuu, na mimi humwita mume wangu mzee. "Macho yamekwisha, lakini masikio ninayo. Tengeneza toleo moja. Uje unisomee lote, mwanzo mpaka mwisho. Nikiridhika, jina la jarida nakuachia. Nikisikia upuuzi, nakufa nalo."

"Yaani nipande huko mpaka juu, mume wangu?"

"Unataka mlima ukufuate Kihonda?"

Hakuwa anatania kuhusu jina. Ndicho kitu pekee alichobaki nacho ambacho hakikuliwa na mchwa, na bila jina lile ningekuwa na karatasi tu kama za mtu yeyote.

Nikaandika tangazo. Nilijivunia sana ufupi wake. Jarida linarudi. Waandishi leteni kazi zenu: hadithi, mashairi, kumbukumbu. Kazi iwe yako mwenyewe na isizidi kurasa tano. Nikalirusha kwenye makundi ya WhatsApp, la ukoo, la wanafunzi wa zamani na la kina mama wa mtaa, na moja nikalibandika dukani penye kivuli. Ile sehemu ya kurasa tano hakuna aliyeisoma. Ile ya "yako mwenyewe" waliisoma wakaiona ni ushauri.

Zikaanza kuingia. Picha za karatasi zilizopigwa kwa ubavu, kidole gumba kimefunika ubeti wa tatu. Hadithi za sauti, mtu anasimulia huku akikaanga kitu, na kila inapofika patamu mafuta yanaruka. Dada mmoja alinitumia shairi zuri la kumwaga machozi, na juu yake simu imeandika kwamba limetumwa mara nyingi. Nikamuuliza kama ni lake. Akajibu, "Ni langu, nimelipenda." Kijana mwingine alileta hadithi kumi na mbili kwa siku moja, zote zimenyooka kama nguo iliyopigwa pasi, zote zikianza na "Katika ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi." Nikamuuliza mhusika wake mkuu alikula nini asubuhi ile. Mpaka leo hajanijibu, nadhani na yeye bado anaiuliza simu yake.

Hao wa kwenye simu, hata hivyo, walikuwa nafuu. Nilikuwa nimesahau kwamba watu wetu hawaamini kitu wasichokikabidhi kwa mkono wao. Wakaja. Wakaja nyumbani kwangu, kwangu mimi ambaye nikisikia hodi huwa nazima redio nijifanye sipo. Na mtu wa kwetu haji kwa mtu mikono mitupu.

Aliyeniweza kabisa alikuwa mzee mmoja wa Mgeta, mkulima wa kabichi, aliyeshuka na lori la mboga mpaka Msamvu kisha akachukua pikipiki na gunia mapajani.

"Hodi kwa mhariri!"

"Karibu. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta hadithi." Akatoa bunda la karatasi lililoshonwa pembeni kwa uzi wa gunia. "Na hizi ni zako." Akafungua gunia: kabichi, njegere, karoti zikiwa bado na udongo.

"Mzee wangu, hadithi peke yake ingetosha."

"Nije kwa mtu mikono inaning'inia kama nguo kwenye kamba? Pokea, usinitie aibu."

Nikapokea. Hapo ndipo nilipoharibu kazi. Angekuwepo mtu mwenye akili angenifungia mlango. Lakini mimi kabichi za Mgeta nazijua, zinakatika kwa mlio, na jioni ile nilipika na kula nikajilamba mpaka kiwiko. Kisha nikafungua bunda.

Hadithi ilihusu lori la mboga linalotoka Mgeta kwenda Dar. Wazo zuri, nikajisemea. Lakini lori liliwashwa ukurasa wa kwanza, na ukurasa wa thelathini lilikuwa bado halijafika Mzumbe, hapo chini tu ya mlima, kwa sababu kila kona dereva alisimama, akashuka, akawapa vijana nasaha. Kuhusu pombe. Kuhusu uaminifu. Kuhusu mbolea. Utingo naye akaitikia kwa beti za shairi. Abiria mmoja, mama mjamzito, alipanda ukurasa wa nane, na kwa hesabu yangu mtoto alipaswa kuwa ameshaanza shule.

Ningemwambiaje? Njegere zake zilikuwa bado kwenye friji. Kila wiki alinipigia.

"Kabichi zilikuwaje, mwanangu?"

"Tamu sana, mzee."

"Na hadithi?"

"Naisoma, mzee. Ni ndefu."

"Eeh, nilijitahidi."

Na hakuwa peke yake. Kulikuwa na mama wa mayai, mwalimu wa jogoo, na fundi seremala aliyenirekebishia mlango bila kuombwa ndipo akatoa mashairi mfukoni. Nilikuwa na nyumba nzima ya vitu ambavyo haviwezi kurudishwa na maandishi ambayo hayawezi kuchapwa. Babu akipiga simu kuuliza, namwambia kazi inaendelea. Ilikuwa inaendelea tumboni.

Nikamlilia shida jirani yangu, fundi cherehani, Mnyamwezi wa Tabora, mtani wetu sisi Waluguru. Kwa asiyejua, mtani anaweza kukutukana hata msibani, mbele ya maiti yenu, na ukikasirika wewe ndiye mshamba.

"Dawa ni mimi," fundi akasema huku ameng'ata pini. "Wewe ukimwambia mzee hadithi yake mbaya, umemkosea adabu. Nikimwambia mimi, nimemsalimia."

Nikaona huyu mtu ni mjumbe niliyeletewa. Uchungu wa ukweli bila uchungu wa kuusema! Nikampa majina yote. Kwa mama wa mayai, ambaye ni Mpare na hana utani naye, aliahidi kutafuta mtani wa Wapare. Nilirudi ndani nikalala usingizi wa mchana, nikijiona mhariri wa kwanza duniani aliyevumbua kitu.

Mzee wa Mgeta aliposhuka tena na lori, fundi alimngoja kwenye kibaraza changu. Mimi nilijificha nyuma ya pazia la sebule, mahali pangu pa kazi.

"Wewe Mluguru!" fundi akamvaa kabla hajakaa. "Hadithi yako imeoza kuliko kabichi zako! Mmezoea kupanda milima mpaka mnapandisha na hadithi, mtu hana pa kukaa apumue. Imekataliwa! Nenda kaisomee mbuzi!"

Mzee alicheka mpaka akashika nguzo. "Na wewe Mnyamwezi, babu zako walibeba mizigo ya watu mpaka pwani, leo umeishiwa mizigo unabeba maneno ya watu? Weka chini upumzike, mpagazi wangu!"

Wakachekana, wakashikana mikono, wakanywa chai yangu. Nikafunga pazia kwa furaha. Imekwisha. Kisha nikasikia mzee, akiwa anaaga, anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Sasa mtani, masihara kando. Yangu imewekwa ukurasa wa ngapi?"

Nilikaa chini palepale. Sijui nilitegemea nini. Mtani akikwambia umefiwa unaendelea kula. Mtani akikwambia nyumba inaungua unamwomba moto uwashie sigara. Nami nilikuwa nimeuchukua uamuzi wa jarida na kumpa mtu pekee katika mkoa mzima ambaye neno lake halihesabiwi. Ndani ya juma moja nikagundua wote niliowatumia watani wanajitayarisha. Mwalimu wa jogoo alikuwa ameshawatangazia wanafunzi. Seremala alipita kunitazamia mlango akauliza kama kutakuwa na picha za waandishi.

Nikafanya nilichokijua, yaani sikufanya kitu. Nikachagua nilizozipenda, chache, nikaziandika upya vizuri na kuzipanga. Za hao wengine nikazifunga kwa kitambaa, nikajiambia nitazirudisha siku nikipata ujasiri. Ile ya mzee wa kabichi nikaitia mfukoni mwa mkoba, kwa kuwa safari ilikuwa ya kwao. Kisha nikampigia babu kwamba naja.

Nilipanda na lori lililokuwa linarudi tupu kufuata mboga, nimekaa mbele na dereva ambaye, namshukuru Mungu, hakutoa nasaha kona yoyote. Barabara ilipoishia ikabaki miguu. Njia za Mgeta hazina adabu kwa mtu mzima. Zinaanza goti lilipo na kuishia kifuani. Bibi mmoja mwenye tenga la karoti kichwani alinikuta nimekaa juu ya jiwe nahema, akanipa pole, akanipita, na nilipofika kwa babu alikuwa ameshateremka tena anarudi, akanipa pole ya pili.

Babu alikuwa kibarazani, amejifunika blanketi, uso ameuelekeza kwenye hatua zangu.

"Mke wangu anapumua kama cherehani," akasema.

"Shikamoo, mume wangu mzee."

"Marahaba. Kaa. Tuna mgeni."

Pembeni yake, amevaa kanzu na koti juu yake, kofia imetulia, alikaa mzee wa kabichi. Sikujua kwamba shamba lake linapakana na la babu. "Nimeambiwa leo ndiyo siku ya kusomewa," akasema kwa tabasamu kubwa. "Nikaona nije nijisikie."

Nikasoma. Nilianza kwa sauti ya kuomba msamaha, lakini kazi zenyewe zikanibeba. Kulikuwa na kumbukumbu ya mkata miwa wa zamani kuhusu siku shamba linapochomwa na majivu yanavyoanguka juu ya nguo zilizoanikwa. Kulikuwa na shairi la mama mmoja wa mtaani kwetu kuhusu kisima chenye foleni.  Mara babu aliinua kidole, nikarudia mstari, akakishusha. Chai ya mchaichai ilipoa. Nilipofika mwisho nikafunga karatasi.

"Na yangu?" akauliza mzee wa kabichi.

Sikumtazama. "Mzee, si fundi alikwambia?"

"Fundi? Yule si mtani? Alikuwa ananitania."

"Hakuwa anatania, mzee."

Nilimwona akitafuta mahali pa kuliweka lile tabasamu. Ilichukua muda. Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa. Nimewahi kuona watu wakikasirika na nikavumilia, lakini huyu hakukasirika, alianza kuinuka taratibu ili asitusumbue.

"Kaa," babu akamwambia. Kisha akanigeukia, na safari hii hakuniita mke wangu. "Wewe ulimtuma Mnyamwezi?"

"Ndiyo, babu."

"Mtu kashinda na kalamu, kakuletea mwenyewe, na wewe ukamtumia mtu wa kumchekesha. Unayo hapo?"

"Ninayo, ila babu, imekataliwa."

"Na nani? Wewe hujaikataa, umejificha. Mimi nilikuwa namkalisha mtu hapa mbele yangu na kumsomea ya kwake, kwa sauti, taratibu. Nusu yao walichukua karatasi zao kabla sijamaliza. Isome. Na kama hujui kusoma kitu mbele ya mwenyewe, jina hilo unalolitaka utalifanyia nini?"

Basi jina likawa linategemea hapo. Nikafungua bunda kwa hasira, sijui ni ya babu, ya fundi, au ya kabichi. Nikasoma. Lori likawashwa. Kona ya kwanza, dereva akashuka, akaanza: enyi vijana. Nilisoma nasaha nzima, neno kwa neno, kwa uso uliokunjamana. Kona ya pili akashuka tena.

"Hapo," mzee wa kabichi akasema kwa sauti ndogo. "Hapo ruka."

Nikaruka. Kona ya tatu.

"Na hapo. Huyu dereva ana maneno."

"Amezidi," babu akasema.

"Ruka utingo wote," mzee akaamuru, sasa amesogeza kiti. "Hee! Mimi niliandika haya? Ruka. Ruka. Huyo mama mshushe."

Karatasi zikawa zinarundikana upande wa kushoto wa miguu yangu. Nilikuwa nimeshakata tamaa kwamba patabaki kitu, ndipo nikafika mahali ambapo, nakiri, nyumbani nilipapita kwa haraka nikitafuta mwisho. Mkulima anashuka na tenga la kabichi kichwani alfajiri, ukungu umefunika kila kitu, lori liko chini lakini halionekani. Anasikiliza honi. Dereva akipiga mara moja, ujue nafasi ipo. Akipiga kwa mfululizo, ujue limejaa na anaondoka. Honi inalia, na hainyamazi. Mkulima anasimama katikati ya mlima, mzigo kichwani, anafikiria autue hapo hapo au aupandishe tena nyumbani, na mkewe aliye juu naye ameisikia honi ile ile.

Nikamaliza ukurasa. Hakuna aliyesema ruka.

Babu aliinua kidole. Nikausoma tena, wote, na mzee wa kabichi akawa anatazama bondeni.

"Huo," babu akasema.

"Huo tu?" mzee akauliza.

"Huo tu."

"Basi huo," akakubali, na nilimwona anajikaza asitabasamu mapema.

Nikaanza kukusanya vitu vyangu, nikijua nimeokoka. Babu akakohoa. "Mhariri hajaandika kitu?"

Nilikuwa nimeandika. Neno la mhariri, kurasa tatu, nilizozihifadhi kwa siri kama pilau la mgeni aliyechelewa. Nikazitoa kwa madaha kidogo. "Katika zama hizi za misukosuko," nikaanza, "fasihi ni taa..." Nikasikia sauti yangu inavyotoka pale kibarazani, mbele ya wazee wawili waliokaa kimya kwa heshima. Aya ya pili ilikuwa na mto unaotiririka. Ya tatu ilikuwa na mbegu. Nikatazama mbele, nikaona zamu ya vijana inakuja, na kwamba nimewaandalia nasaha.

"Naruka hapa," nikasema.

Babu akanyoosha mkono kuonyesha niendelee.

"Na hapa. Na huu ukurasa." Uso ulikuwa unaniwaka. Mzee wa kabichi alipokea kila karatasi kwa mikono miwili na kuiweka juu ya rundo la kwake, bila kucheka, jambo lililoniudhi zaidi kuliko kama angecheka. Nilibaki na mistari miwili: kwamba jarida limerudi, na kwamba atakayeleta kazi yake atakaa nami na kuisikia ikisomwa.

Babu alivuta blanketi. "Jina chukua," akasema. "Na hao wengine uliowakimbia, maana najua wapo, uwaite mmoja mmoja. Wewe mwenyewe."

Nilifungua mdomo kueleza kuhusu mwalimu, kuhusu seremala, kuhusu mlango, nikaona hakuna wa kunihurumia. Mzee wa kabichi alikuwa ameinama anapekua rundo la karatasi tulizozitupa. Akachomoa moja, akaipangusa kwenye kanzu, akasafisha koo.

"Mwanangu," akasema, "hii ya dereva na mbolea, nimefikiri, ikikaa peke yake si inaweza kuwa shairi?"

"Isome, mzee," nikamwambia. "Mwenyewe. Kwa sauti."